Baada ya Kuopolewa: Afya ya Walionusurika Kufa Maji

Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, iko mbali na Ziwa Victoria. Hata hivyo, maji ya kumfunika mtoto hayakosekani: kuna malambo ya kunyweshea ng'ombe, visima vilivyo wazi, na mito ya msimu inayofurika ghafla mvua zinaponyesha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Hao wamehesabiwa. Walioopolewa wakiwa hai hawana daftari. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walifariki na 41 wakaokolewa, akiwemo fundi wa mitambo aliyetolewa siku mbili baadaye. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kuokolewa ni mwanzo wa safari nyingine, na safari hiyo mara nyingi mtu huachiwa aende peke yake.

Ubongo ndio unaoumia zaidi. Ukikosa oksijeni, seli zake huanza kufa ndani ya dakika chache, na aliyezama kwa zaidi ya dakika kumi yumo katika hatari kubwa ya kudhurika daima. Watoto wachache wa nchi za baridi wamepona baada ya muda mrefu zaidi, kwa kuwa maji ya barafu yalipoza ubongo haraka. Lambo la Meatu halina kinga hiyo.

Madhara makubwa huonekana mapema: degedege, viungo kukakamaa, kushindwa kusema. Yale madogo hujificha. Sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu ni miongoni mwa zile zinazoathirika upesi kwa kukosa hewa, hivyo mtoto anaweza kutembea na kucheza vizuri, kisha miezi kadhaa baadaye akashindwa kukumbuka somo la jana. Shuleni ataitwa mvivu na pengine atachapwa. Hili ni jambo la kusikitisha sana, kwa sababu lingeepukika mwalimu angeelezwa tu yaliyompata.

Mapafu kwa kawaida hupona, ingawa maji ya tope huweza kuleta nimonia siku chache baadaye. Woga huchelewa zaidi kuisha. Meli ya Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki mwaka 1994. Zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti walikuta baadhi ya manusura bado wanasumbuliwa na kumbukumbu za ajali hiyo.

Msaada huanzia ukingoni. Kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumkamua tumbo hupoteza dakika zilezile zinazoamua hatima ya ubongo. Asiyepumua apuliziwe pumzi kinywani papo hapo, kisha akandamizwe kifua. Akizinduka apelekwe kituo cha afya, hata kama anaongea, aangaliwe kwa saa kadhaa. Tukio liandikwe kwenye kadi yake, na mzazi apewe tarehe ya kumrudisha, ili kumbukumbu, usingizi na maendeleo yake shuleni vipimwe.