Udereva wa Lori Hautaki Shamba Liuzwe



Leo sitazungumza habari za mahindi yakiwa shambani. Nataka tuzungumze habari za mahindi yakiwa njiani, na habari za yule anayeyabeba. Najua wako watakaosema, Bwana Shamba kaishiwa maneno, sasa ameingilia mambo ya magari. Ngojeni kidogo.

Mama mmoja wa upande wa Mpitimbi alinisimamisha baada ya mkutano wa kijiji. Akaniambia: "Bwana Shamba, mtoto wangu anataka niuze ekari mbili za bondeni. Anasema kuna mtu mjini, akipewa fedha, atampatia leseni ya lori upesi upesi. Halafu eti tutaishi kwa mshahara. Wewe mwanangu unasemaje?"

Nikamwuliza, kijana ana umri gani? Miaka 22. Amekwisha kushika usukani? Bado. Je, amekwisha kupakia lori? Akacheka, akasema kila mwaka ndiye anayepakia mahindi ya watu kwenye Fuso. Basi nikamjibu hivi: mama, ekari usiuze, lakini na kijana usimkataze.

Ndugu wakulima, mama huyu hayuko peke yake. Tangu barabara ya Makambako hadi Songea ilipowekwa lami katika miaka ya 1980, na baadaye ile ya kwenda Mbinga na ile ya Namtumbo na Tunduru, magari ya mizigo yameongezeka sana katika mkoa wetu wa Ruvuma. Vijana wanayaona yale marefu yanayobeba makaa ya mawe ya Ngaka, roho inaruka. Mimi sisemi habari za hayo. Hayo ni ya watu waliokwisha kupevuka katika kazi. Nasema habari za lori la hapa hapa, kenta au Fuso, linalotoka Songea mjini alfajiri, linakwenda Magagura, Muhukuru, Matimira au Gumbiro, linapakia, na usiku dereva analala kwake. Hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa tazameni kalenda yetu. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Ufuta huanza kutoka mwezi wa Mei na Juni, nao hupelekwa kwenye maghala ya stakabadhi kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS; huo peke yake ni mzigo mwingi wa safari fupi. Mahindi makavu hubebwa kuanzia Juni hadi Oktoba, na mliopeleka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Ruhuwiko mnajua foleni ya malori inavyokuwa. Kisha mbolea huteremka vijijini Oktoba na Novemba. Lakini ikifika Februari, Machi, barabara za udongo zinateleza, maghala ni matupu, na mwenye gari anamwambia dereva: kaa nyumbani kwanza, nitakuita.

Dereva asiye na shamba, miezi hiyo anakula kwa kukopa dukani. Mwenye shamba yuko shambani anapalilia. Ndiyo maana nikasema ekari za bondeni zisiuzwe. Kazi hii ya lori la hapa hapa inafuata mavuno. Kilimo kikilala nayo inalala. Ukiuza shamba ili uifuate, umeuza ghala ukanunua ngazi.

Iko miezi inayogongana, nisiwafiche. Novemba na Desemba mbolea inataka kubebwa na shamba linataka kupandwa, siku zile zile. Hapo lazima nyumba ikae chini, ikubaliane mapema: dereva atoe fedha za vibarua wa kupanda, na fedha hizo ziwekwe kando tangu Agosti wakati safari ni nyingi. Nyumba isipokubaliana hivyo mapema, mbegu itachelewa kuingia ardhini, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hayasamehe.

Haya, kijana aanzeje? Wengi huanza kwa utingo, na mimi naona ni mwanzo mwema, ila usiwe wa kukaa juu ya magunia tu. Utingo mwenye akili anajifunza kupanga mzigo, kufunga kamba na turubai, kubadili tairi, kutazama maji na mafuta ya injini kila asubuhi kabla gari halijawashwa, na kumwaga maji yaliyokusanyika katika mitungi ya upepo wa breki. Anajua sauti ya giabox nzima na sauti ya giabox inayolia. Mwaka mmoja wa namna hiyo ni mali. Lakini neno moja: utingo asiye na leseni asipewe gari hata la kusogeza sokoni. Tingo wengi wameanza "kusogeza tu", wakagonga mtu.

Pamoja na hayo aende shule ya udereva. Hapa Songea tunacho chuo cha VETA, na ziko shule nyingine zilizosajiliwa. Kwanza atapata leseni ya kujifunzia, kisha atafunzwa, kisha atapimwa na askari wa usalama barabarani, na akifaulu ndipo leseni hutolewa kupitia Mamlaka ya Mapato. Awe ametimiza miaka 18, awe na kitambulisho cha taifa na namba ya mlipa kodi. Tangu mwaka 2019 leseni hudumu miaka 5 badala ya 3 ya zamani.

Kuhusu madaraja ya leseni, msichanganywe. Daraja B ni la gari dogo la mtu binafsi, si la kazi ya biashara. Daraja D ni la magari yasiyo mazito wala ya abiria. Gari zito la mizigo linataka daraja E. Kijana akipewa gari, na amwulize askari wa usalama barabarani gari hilo linaangukia daraja gani, asimwulize mwenye gari. Mwenye gari anataka mzigo wake ufike.

Na yule mtu wa mjini wa leseni ya upesi? Mama, huyo anakuuzia karatasi. Gari likianguka, karatasi iliyopatikana kwa mlango wa nyuma haimlindi mwanao, na bima nayo itauliza maswali.

Tuje kwenye uzito, maana hapa kijana wa mkulima anaweza kuwapita wote. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilitungwa mwaka 2016 na hapa nchini ikaanza kutumika 2019. Kila gari la mizigo la kuanzia tani 3.5 hupita mizani. Lori la ekseli mbili, ya mbele inaruhusiwa tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Jumla tani 18, gari na mzigo pamoja.

Tufanye hesabu. Tuseme gari lako tupu lina tani 7. Umebakiwa na tani 11, yaani magunia 110 ya kilo 100. Sasa mchuuzi anakuja na lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, lina kilo 130. Yeye anahesabu magunia 110 yale yale. Lakini gari limebeba kilo 14,300. Umezidisha tani 3 na kilo 300! Ukifika mizani ya Makambako, hakuna wa kukutetea. Utalipa, utashusha, na waajiri wengi hukata hiyo faini katika mshahara wa dereva.

Na ninyi wakulima, msicheke. Hizo kilo 3,300 ni za nani? Ni zenu. Ni magunia 33 ya haki yaliyopanda lori bila kulipiwa. Lumbesa imekatazwa kwa Sheria ya Vipimo, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Dereva anayesema "mimi lumbesa sipakii" anaokoa leseni yake, tairi za tajiri wake na jasho la mkulima kwa mara moja. Wako madereva wa namna hiyo, na wachuuzi hawawapendi sana. Wapendeni ninyi.

Hata magunia 110 ya haki yanaweza kukutia hatarini. Ukiyarundika nyuma kwa sababu ndiko yanakopakiwa upesi, ekseli ya nyuma itapita tani 10 huku jumla ya gari iko sawa. Mizani inapima kila ekseli kivyake. Basi anza kupanga mbele, karibu na kichwa, panga kwa kupishana kama matofali ya ukuta, halafu rudi nyuma polepole. Na mahindi mabichi ni mazito kuliko makavu; kijana aliyekulia shambani analijua hilo kwa kutia punje mdomoni.

Hapo narudi katika ubwana shamba wangu. Ruhuwiko hawapokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mkulima ameanika juani juma zima, ameyapepeta, halafu lori lisilo na turubai linapigwa na mvua moja tu ya njiani, kazi yote imepotea. Mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Tena tazameni sakafu ya lori. Jana lilibeba mbolea, juzi dawa za wadudu, leo chakula cha watu! Dereva afagie, aoshe ikibidi, akaushe, atandike turubai chini na lingine juu. Dawa za wadudu na chakula visipande gari moja kamwe. Mkiona sakafu chafu msipakie, hata kama gari ni la shemeji.

Sasa mteremko. Anayetoka huku kwenda Njombe, akiisha kupita Madaba, atakutana na mlima Lukumburu. Hata wa safari fupi ataupata siku moja, na milima ya Umatengo kule Mbinga si mepesi kuushinda. Wako madereva ambao wakifika mteremkoni huondoa gia, gari likaserereka lenyewe, eti wanabana mafuta. Huu ni ujinga mkubwa. Gari lenye tani 18 likiachwa huru, breki pekee ndizo zinazolizuia. Breki zikishika muda mrefu hupata moto, zikipata moto hazishiki tena, na hapo hata uzikanyage kwa miguu miwili. Kanuni ni nyepesi: simama juu kabla ya kuteremka, hakikisha upepo umejaa, ingiza gia nzito, ile ambayo ungeitumia kupanda, na iache injini ilizuie gari. Breki gusa na kuachia. Gia ikikataa kuingia mlimani, hutaipata tena katikati ya mteremko. Ichague juu.

Mwendo wa lori zito ni kilomita 80 kwa saa mwisho, na 50 penye makazi. Na abiria juu ya magunia hapana. Najua hili ni gumu kijijini, mama mjamzito anaomba lifti, mwenye mzigo mwenyewe anataka kufuatana na mali yake. Mwenye mzigo akae mbele, wengine wangoje basi. Juu ya magunia kuna watu wengi tumewazika.

Mwisho ni mkataba. Mwezi wa Aprili 2015 madereva wa nchi hii waligoma, na moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Kijana aulize mambo haya kabla hajapewa ufunguo: mshahara ni kiasi gani na posho ya safari ni kiasi gani, kwa sababu posho si mshahara, miezi ya mvua gari likilala atalipwa nini, faini ya mizani ikitokana na amri ya tajiri analipa nani, na je, anachangiwa katika NSSF? Anayeendesha kama deiwaka, leo gari hili, kesho lile, hana lolote katika haya. Kwa kujifunza miezi michache si vibaya, lakini asizeeke humo.

Kununua gari lake mwenyewe tuliache kwa leo. Lori kuukuu linakula spea kuliko ng'ombe anavyokula majani, nalo linataka leseni ya usafirishaji ya LATRA, bima na ukaguzi. Aendeshe la mtu kwanza misimu mitatu minne.

Basi yule mama wa Mpitimbi nilimshauri hivi. Ekari mbili zibaki. Msimu ujao moja katika hizo iwe ya kijana mwenyewe, alime, avune, na magunia yake ndiyo yalipe ada. Kwa sasa aende VETA Songea akaulize ada ya kozi na tarehe ya kuanza, aandike kwenye daftari, ahesabu ni magunia mangapi kwa bei ya Ruhuwiko. Kuuliza ni bure, na nauli ya kutoka Mpitimbi si kubwa.

Wenye maswali juu ya unyevu wa mahindi au namna ya kuyapanga kwenye gari, mwoneni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yenu. Juma lijalo tutazungumza habari za maghala ya nyumbani na dumuzi.