Gari Jipya la Spoti: Lipia Nini, Acha Nini

Ukiagiza Porsche 911 mpya, bei unayotajiwa kwanza si ya mwisho. Vitu vya ziada huchaguliwa kimoja kimoja kabla gari halijaundwa kule Zuffenhausen, Ujerumani, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Anza na vitu ambavyo ni vigumu kufungwa baadaye. Mtambo wa kuinua pua ya gari huinyanyua takriban milimita 40, na penye matuta au mlango wa gereji wenye mwinuko, huo ndio unaookoa bampa. Mimi ningeulipia kabla ya kingine chochote. Kisha viti: vikalie kwa muda mrefu dukani, usiamini picha, maana mgongo ni wako.

Breki za kauri? Diski zake zina uzito wa karibu nusu ya zile za chuma, na hazipotezi nguvu upesi zikipata joto kwenye uwanja wa mbio. Lakini kwa safari za kazini na sokoni ni ghali bure, na kuzibadilisha ni ghali vilevile. Mishono ya nyuzi za rangi na nembo, iache. Fedha hiyo inunulie matairi bora, na umlipe mwalimu akufundishe kuliendesha gari hilo.