Mchicha Usiopandwa

Mvua za masika zishikapo hapa Moshi, viwanja vya Majengo na mashamba ya mahindi mlimani huota mchicha usiopandwa na mtu. Twautazama kama magugu tu. Basi leo na tuujue asili yake.

Uko mmoja wenye jozi ya miiba penye kila kifundo. Huo ni mgeni: kwao ni nchi za joto za Amerika, yalikotoka na mahindi yetu ya ugali. Uko mwingine, mdogo, usio na miiba, ambao maua yake hukaa kwapani mwa majani. Huo ni mwenyeji wa Afrika tangu kale.

Yote miwili huishi msimu mmoja, kisha hufa. Lakini mmea mmoja wa miiba, ukiachwa ukomae, humwaga maelfu ya mbegu, nazo huweza kungoja udongoni miaka. Kwa hiyo yatupasa kuung'oa ungali mchanga, kabla ya kutoa maua na kabla miiba haijakauka. Hapo twapata faida mbili: mahindi hayanyang'anywi chakula chake, na chungu hupata mboga.

Majani hayo huupa mwili vitamini A, ambayo mtoto akiikosa haoni vema magharibi ikiingia. Yaungwe kwa mafuta kidogo, ili mwili uipokee vizuri. Tusiitupe shambani leo mboga ambayo kesho tutainunua sokoni.