Mlango wa Gereza na Mlango wa Nyumbani



Wapendwa wasikilizaji, Mwinjili Marko atusimulia habari za mtu mwenye kupooza aliyeletwa na watu wanne kule Kapernaumu. Walipouona mlango umezibwa na umati, walipanda darini, wakatoboa paa, wakamteremsha mbele ya Yesu. Hatuambiwi kama mgonjwa mwenyewe alitamka neno lolote. Mikono ya wengine ndiyo iliyomfikisha.

Leo twawakumbuka wagonjwa ambao mlango wao umezibwa kwa kufuli, yaani wafungwa waliozidiwa na maradhi. Hapa Tanzania, ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977 yampa Rais uwezo wa kutoa msamaha, kwa masharti au bila masharti. Msamaha huo umezoeleka kutangazwa siku ya Muungano, Aprili 26, au siku ya Uhuru, Desemba 9, na mara nyingi umewataja wenye kifua kikuu, saratani au UKIMWI walio mahututi, wakiisha kuthibitishwa na jopo la waganga. Ni jambo jema. Hata hivyo saratani haingoji Desemba, na mgonjwa asiye na mtu wa kumsemea huweza kusahaulika.

Wengine watauliza: Na yule aliyetendewa uovu, haki yake iko wapi? Swali hili tusilipuuze. Aliyeibiwa au kujeruhiwa ni ndugu yetu pia, naye astahili kutembelewa kwanza. Lakini hakimu alimhukumu mtu kifungo, hakumhukumu kufa sakafuni bila jamaa. Nelson Mandela aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa mwaka 1988. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zilizopewa jina lake, zadai mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile wanachopata raia wengine.

Tena kuna mlango wa pili, nao ndio unaotuhusu sisi. Tuliwahi kumsindikiza kwao mzee mmoja aliyeachiliwa, miguu imevimba, pumzi fupi. Tulipobisha hodi, mwanawe alisimama mlangoni asitukaribishe. Chumba cha baba kilikwisha pangishwa. Kijana yule hakuwa mbaya. Kwa miaka minane alikuwa akiitwa mwana wa mwizi mbele ya watoto wake. Tulirudi na mzee hadi nyumbani kwa katekista, ambaye mkewe alitandika mkeka bila kuuliza alifungwa kwa kosa gani. (Sisi tulikuwa tumeuliza, tena mara mbili.) Mzee aliishi siku kumi na tisa. Siku ya kumi na mbili mwanawe alikuja na uji wa ulezi katika chupa ya chai, akaketi, hawakusemezana. Kesho yake akaja tena.

Basi, ndugu wapendwa, wiki hii jumuiya ndogo ndogo ziulizane kwa upole: nani wa kwetu yuko gerezani, naye ni mgonjwa? Makatekista waandike majina na kumpelekea Paroko, ili amwone mkuu wa gereza na mganga. Familia nazo zitembelewe mapema, kabla ya tangazo lolote, kwani nauli, godoro na moyo wa kupokea havipatikani kwa siku moja.