Kilichosogea ni Kipi? Mhadhara wa Umma kuhusu Kamera Iliyo Safarini



Kamera iliyofungwa ukutani ina kazi nyepesi. Inaitazama barabara ileile mchana kutwa. Kompyuta huhifadhi picha ya barabara ikiwa tupu, huilinganisha na kila fremu mpya, na kinachotofautiana ndicho kilichosogea. Sasa ing'oe kamera hiyo uifunge kwenye kioo cha mbele cha matatu inayotoka Kisii kwenda Nyamira na Kebirigo. Fremu 30 zinapita kila sekunde, na karibu kila pikseli imehama. Mikaratusi inakimbia, chai inakimbia, ukuta wa kanisa unakimbia. Mwendesha boda boda anayechomoka kwenye njia ya kando naye anakimbia. Kompyuta itajuaje kwamba ni huyu wa mwisho tu anayekwenda kweli?

Haiwezi kujua mpaka kwanza iujue mwendo wake yenyewe. Hilo ndilo neno langu leo, pamoja na jingine: vilima vya Gusii vinalifanya jambo hili kuwa gumu kuliko linavyoonekana vitabuni.

Tuanze penye wepesi. Timu ya soka ya Shabana ikicheza Gusii Stadium, mpiga picha wa televisheni hahami. Anaigeuza kamera tu, kushoto na kulia. Kamera ikigeuka bila kuhama, vitu vyote vilivyotulia, vya mbali na vya karibu, hubadilika kwa kanuni moja ya hesabu. Kompyuta huchagua pointi zinazotambulika vizuri, kama pembe za mabango, na kuzifuata fremu baada ya fremu kwa njia ambayo Bruce Lucas na Takeo Kanade waliichapisha mwaka 1981. Mwaka huohuo Martin Fischler na Robert Bolles walieleza njia iitwayo RANSAC: chagua pointi chache bila kupanga (4 zinatosha hapa), kisia mwendo wa kamera, kisha hesabu ni pointi ngapi nyingine zinaafikiana na kisio hilo. Rudia mara nyingi. Kisio lenye wafuasi wengi ndilo linaloshika, na wachezaji, ambao mwendo wao haulingani na wa wengi, wanajitenga wenyewe. Naipenda sana hesabu hii, kwa kuwa haihitaji kuambiwa mapema mchezaji ni yupi.

Barabarani kanuni moja haitoshi. Kamera inahama, kwa hiyo kila kitu husogea kwenye picha kwa kadiri ya umbali wake. Mkaratusi ulio kando ya lami unapita kasi. Milima ya Manga karibu haijongei. Kwenye tambarare mtu anaweza kuichukulia ardhi yote kuwa bapa na hesabu ikamkubalia. Kwetu shamba la chai limepanda kushoto, bonde limezama kulia, na lami yenyewe inainuka huku ikijipinda. Tena majani ya chai yanafanana mno: pointi inayofuatwa hurukia kichaka cha jirani na kompyuta isitambue.

Upo msaada. Gari likienda mbele moja kwa moja, vitu vilivyotulia huonekana vikitawanyika kutoka nukta moja, ile ambayo gari linaielekea. Kinachokwenda kinyume cha mistari hiyo kinatembea. Boda boda anayekatiza barabara hukamatwa hapo hapo. Lakini mfikirieni yule aliye mbele yetu, anayeteremka upande uleule kwa kasi ileile. Kwenye picha hasogei. Na nini kingine hakisogei? Milima ya Manga. Kwa kamera moja inayotegemea mwendo peke yake, pikipiki iliyo mita 10 mbele na mlima ulio kilomita kadhaa havitofautiani. Hesabu ya pointi haitatuokoa hapa, hata tukiongeza kompyuta yenye nguvu kiasi gani. Na hapa ndipo penye hatari, kwani mtu huyo akifunga breki ghafla, dereva ana muda mfupi mno.

Ndiyo sababu tunalazimika kukitambua kitu kwa sura. Kompyuta iliyofunzwa kwa picha nyingi husema: hii ni pikipiki, magurudumu yake yanagusa lami pale, basi iko karibu. Kisha kichujio cha Rudolf Kalman, cha mwaka 1960, hukisia itakuwa wapi katika fremu ijayo, ili ikifichwa na lori la chai na kutokea tena ipewe namba ileile.

Lakini ni sura ya pikipiki gani? Mkusanyo wa picha za barabarani uitwao KITTI, uliorekodiwa Karlsruhe, Ujerumani, na kutolewa mwaka 2012, umetumiwa na watafiti wa dunia nzima. Vitu vyake vina makundi: magari madogo, van, malori, watembea kwa miguu, watu walioketi, waendesha baiskeli, tramu, na mengineyo. Pikipiki haina kundi lake. Siwalaumu, walirekodi barabara zao. Mkusanyo wa nuScenes, wa Boston na Singapore, unazo pikipiki, ila pikipiki ya Boston haifanani na iliyopakia mikungu ya ndizi kwenda soko la Daraja Mbili, mizigo ikiwa imemfunika dereva mgongo. Gari aina ya Probox lililofunguliwa buti na abiria ndani yake nalo ni sura inayohitaji kufundishwa.

Kazi hiyo ni yetu. Naziomba sacco za matatu zituruhusu kufunga kamera, na vyama vya boda boda vikae nasi tangu mwanzo, kwa maana wanachama wao ndio watakaoonekana. Turekodi mvua ya alasiri na ukungu wa asubuhi, si jua la saa nne tu. Nyuso na namba za magari zifichwe, kama inavyotupasa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nanyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho mnaotafuta mradi, msiende kuuchukua Karlsruhe. Njooni idarani, tuanze na barabara ya Kebirigo.