Mimba ya nane na njia ya hospitali

Msikilizaji, tutazame hesabu moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kuwa mwanamke wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wakati huo alizaa kwa wastani watoto 6.6. Huo ni wastani. Katika vijiji vya Masisi na Walikale, kwenye vita vya mashariki mwa nchi hiyo, mama wa watoto wanane au kumi hamshangazi mtu. Kwa nini jambo hili linatuhusu? Kwa sababu kizazi kilichobeba mimba nyingi huchoka. Baada ya uzazi wa tano, hatari huongezeka kwamba kitashindwa kujikaza mtoto akishatoka, na damu ikamwagika hadi mama akafa ndani ya saa chache. Sasa mweke mama huyo kwenye kipoyi, yaani machela, mabegani mwa wanaume wanne, katika matope ya milimani, huku risasi zikilia. Saa hizo chache zinaishia njiani.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema mtoto ni baraka na mkono wa shambani, na kwamba vita na malaria vimewafundisha wazazi wasitegemee mtoto mmoja. Hoja hiyo ina uzito, wala sikubali mama alaumiwe. Lakini mama akifa, wa kwanza kuumia ni watoto hao hao. Huko Masisi, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limesaidia wajawazito walio hatarini kungojea siku zao karibu na hospitali. Ni msaada mkubwa, ila humkuta mama tayari ana mimba. Je, mama anayetaka kupumzika miaka mitatu kabla ya mimba nyingine, nyumbani kwake nani anamsikiliza?