Ahadi Nayo Ina Bei
Hotuba kwa Wanachama, Isevya, Tabora



Tangu zama za misafara ya Unyanyembe, mji wetu umekuwa njia panda ya biashara, na kwa wafanyabiashara neno la mtu ni mali. Leo napenda tulipime neno moja.

Mnunuzi huja ghalani akasema: "Niwekeeni karanga. Miezi mitatu ikitimia, siku hiyo na si kabla, nitanunua kwa bei ya leo, nikipenda." Wengi huliona hilo kuwa ombi la adabu tu. La! Hiyo ni haki ya kununua. Bei ikipanda, faida ni yake. Ikishuka, hasara ni yetu.

Basi yapasa alipe kiasi gani? Mwaka 1979 wataalamu Cox, Ross na Rubinstein walieleza njia nyepesi: kudhani kwamba bei ina njia mbili tu mbele yake.

Tuseme, kwa mfano, gunia leo ni shilingi 60,000, na siku ile litakuwa ama 80,000 ama 40,000. Chama kiweke gunia moja, kiuze haki mbili. Bei ikipanda, mnunuzi atachukua magunia mawili kwa 120,000. La pili tutalinunua sokoni kwa 80,000, zibaki 40,000. Bei ikishuka, hatakuja. Tutabaki na gunia la 40,000. Kwa vyovyote tutapata 40,000! Upungufu wa 20,000 hauna budi kulipwa na zile haki mbili, yaani 10,000 kila moja. Riba na gharama za ghala nimeziacha ili hesabu iwe nyepesi.

Angalieni: hatukumhitaji mtabiri wa kutuambia kama bei itapanda. Njia zikiwa nyingi, muda hugawanywa vipindi vifupi, na hesabu hufanywa kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Wenzetu wa kahawa wa KNCU, Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijaribu haki ya upande wa pili, ya kuuza, ili kujikinga na bei kuanguka. Haki hiyo hainunuliwi bure. Kwa nini yetu tuigawe bure?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi, ndugu zangu, kabla ya kuwekeana mkono na mnunuzi, kwanza tupige hesabu, na bei ya ahadi iandikwe katika mkataba.